Anayeumwa ni Samaki au Maji?

Akwariamu sebuleni ni raha, mpaka siku samaki wanapoanza kuumwa na kila mtu ndani ya nyumba anamnyooshea mwenzake kidole. Haya ndiyo tuliyojifunza mimi na mume wangu, mmoja akiwa Mbeya na mwingine Iringa.

Ilikuwa Jumanne usiku, Juni 2023, na baridi ya Mbeya ilikuwa ile ya kulala na soksi. Nimetoka kazini, nimewasha taa ya sebuleni, nikakuta samaki wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema kama watu waliokimbizwa. Wawili walikuwa wamelala chini pembeni ya jiwe, hata kugeuka hawawezi.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa amehamishiwa Iringa mwezi uliotangulia, na tayari alishaanza kupokea simu kwa "Kamwene!" kama Mhehe wa kuzaliwa. Usiku huo sikuitikia salamu.

"Samaki wako wanakufa," nikamwambia.

"Wana nini?"

"Nitajuaje? Mwenye samaki si wewe?"

Akanyamaza kidogo, kisha akatoa jibu ambalo Watanzania wengi tungetoa: "Kesho pita duka la dawa, nunua rangi mbili, wamwagie."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo tulipopotea. Hakuna kati yetu aliyekuwa amejua samaki wana tatizo gani, lakini dawa tulishaichagua.

Walivyofika nyumbani kwetu

Hadithi yenyewe ilianzia Matema, kule Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tulikwenda wikiendi moja baada ya harusi, tukakodi mtumbwi, na pale kwenye mawe, milima ya Livingstone ikiwa imetusimamia mgongoni, tukaona chini ya maji samaki wa bluu na wa njano wanakimbizana. Maji ni meupe kama kioo. Mume wangu akasema, "Hawa nawataka sebuleni."

Kumbe wanaowataka ni wengi. Samaki hawa wadogo wa kwenye mawe, wanaojulikana duniani kwa jina la mbuna, wanafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya, Marekani na Asia. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wapenzi wa akwariamu ng'ambo wanayajua majina ya vijiji vyetu kama Lupingu wa Ludewa, kwa sababu samaki wanauzwa kwa jina la mahali walikotoka.

Sisi hatukuwavua ziwani, maana kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni. Tuliwanunua kwa mfugaji wa Dar es Salaam anayewazalisha mwenyewe. Yaani samaki ambao mababu zao walitoka karibu na Kyela, walisafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi, ndani ya mifuko yenye hewa ya oksijeni, ili wafike Mbeya. Tulianza na wanane, tangi la lita 200. Kabla ya kuhamia Iringa mume wangu akaongeza sita, "wakuchangamshie nyumba nikiwa sipo." Nikaona ni mapenzi.

Rangi mbili ndani ya tangi

Jumatano nikafanya nilivyoambiwa. Nikafungua vidonge kumi vya tetrasaiklini, nikamwaga unga ndani ya maji. Maji yakageuka njano kama chai ya tangawizi na povu likaja juu. Alhamisi asubuhi wawili wamekufa. Ijumaa mmoja.

Simu zetu zikawa ndefu na chungu. Yeye: "Nilikuachia samaki tu, mke wangu. Samaki tu." Mimi: "Samaki tu, na nyumba, na bili, na mama yako aliyekuja wikiendi iliyopita!" Wanandoa mnaoishi miji miwili mnaelewa. Ugomvi wa samaki huwa hauishii kwa samaki.

Ijumaa hiyo akapanda basi. Zaidi ya kilomita 300, akafika usiku amechoka, akaenda moja kwa moja kwenye tangi kabla hata ya kunisalimia. Nikaiweka moyoni.

Jumamosi asubuhi tukaamka na maiti ya nne. Jirani akatushauri tumwone mzee mmoja anayekaa Uyole, mstaafu wa idara ya uvuvi, mwenye mabwawa ya perege nyuma ya nyumba na tangi moja la mbuna barazani. Tukamfuata, tukamwamkia, tukamweleza shida. Akachukua kimfuko chake na kipande cha sponji ndani ya ndoo ya maji yake, tukaongozana naye.

Mzee hakuangalia samaki

Nilitegemea atainama aangalie samaki. Wapi! Alitoa kipimajoto, akakitumbukiza, akakaa kwenye sofa, akaanza maswali.

"Tangi mlilisafisha lini?"

Nikajibu kwa fahari kidogo: Jumamosi iliyopita, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja. Nilitoa filta, nikaosha sponji lake kwa maji ya bomba na brashi mpaka likawa jipya.

"Samaki wangapi?" Kumi na wanne. "Sita waliongezwa lini?" Mei. "Waliwekwa peke yao kwanza?" Mume wangu akakohoa. Hapana.

"Hita hii ya wati ngapi?" Mume wangu akasoma: 50.

Mzee akatoa kipimajoto. Nyuzi 19. Akachota maji kwenye kichupa, akaweka matone ya kipimo cha amonia, akatikisa. Kama maji ni salama, rangi inabaki njano. Yetu iligeuka kijani kilichoiva.

"Wanangu," akasema, "mlikuwa mnamtibu samaki wakati mgonjwa ni maji."

Kisha akatufafanulia kitu ambacho kila mwenye akwariamu anapaswa kukijua kabla ya kununua hata samaki mmoja. Samaki anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Kinyesi chake, na pia matamvua anayopumulia, vinatoa amonia, nayo ni sumu. Kinachomwokoa ni bakteria wazuri wanaojijenga kwenye sponji la filta na kwenye changarawe. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa na unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya, na baridi inawachelewesha zaidi.

Sasa piga hesabu yetu. Mimi niliosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, nikawaua. Waliobakia tukawamalizia kwa antibaiotiki. Mume wangu alikuwa ameongeza samaki sita kwa mkupuo mmoja, kinyesi kikazidi. Na hita ya wati 50 haiwezi kupasha lita 200 kwenye nyumba ya Mbeya mwezi Juni. Kipimo cha kuanzia ni kama wati 1 kwa lita 1, na kwenye baridi yetu ongeza.

Kuna jambo la nne ambalo watu wa nyanda za juu tunalisahau. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa nayo haiko mbali na hapo. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Dar, kama joto la maji ni lile lile. Kwa hiyo pampu ya hewa kwetu si urembo wa mapovu. Na umeme ukikatika usiku, wa kwanza kuumia ni samaki.

Nikamwangalia mume wangu. Akaniangalia. Hakuna aliyekuwa na la kusema, maana ile amonia haikuwa ya mtu mmoja.

Tiba ilivyokwenda

Mzee hakutupa dawa yoyote siku hiyo. Alitupa kazi. Tubadilishe theluthi ya maji kila siku kwa siku tano, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini iondoke, kisha yapashwe moto yafanane na ya kwenye tangi. Tusiwape chakula siku mbili, maana asiyekula hachafui. Pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Joto lipandishwe nyuzi 1 au 2 tu kwa siku, mpaka 25 au 26, kwa sababu kupanda ghafla nako kunaua. Na lile sponji chakavu alilokuja nalo, alilolitoa kwenye filta yake, akaliweka ndani ya filta yetu. "Hiyo ndiyo dawa," akasema. "Lina bakteria hai. Msilioshe!"

Siku ya pili samaki walishuka kutoka juu. Siku ya nne walianza kukimbizana. Nikampigia mume wangu, aliyekuwa amerudi Iringa, tukacheka wote kwenye simu, mara ya kwanza kwa wiki mbili.

Lakini mwili uliodhoofishwa na baridi na sumu hualika ugonjwa. Wiki iliyofuata wawili wakatokwa na vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, wakawa wanajikuna kwenye mawe. Safari hii sikukimbilia duka la dawa. Nilipima maji kwanza: amonia sifuri. Nikapiga picha, nikamtumia mzee kwa WhatsApp. Akathibitisha: vimelea vya vidoa vyeupe, ambavyo huenda vilikuja na wale sita wapya.

Ujanja wa vimelea hivi ni huu. Kile kidoa unachokiona kimejificha ndani ya ngozi, dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka chini, kinagawanyika kuwa mamia, na hao watoto wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Ni hapo tu ndipo wanapouawa. Kwenye maji ya baridi mzunguko huo unachukua wiki kadhaa. Kwenye maji ya vuguvugu unaisha kwa siku chache. Ndiyo maana tulipandisha joto taratibu hadi nyuzi 28, tukaongeza hewa kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na tukaweka chumvi gramu 2 kwa kila lita, ikiyeyushwa kwanza pembeni na kuwekwa kwa awamu ndani ya siku mbili. Vidoa vikaisha. Tukaendelea wiki moja zaidi, maana kuacha mapema ni sawa na kuacha dozi ya malaria katikati.

Mmoja hatukumwokoa. Alikuwa dume wa bluu, kipenzi cha mume wangu. Aliacha kula, akajificha, akawa anatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi, kisha tumbo likavimba. Daktari wa mifugo alitupa metronidazoli ya kuchanganya kwenye chakula, lakini mgonjwa alishaacha kula. Siku ya nne akafa. Ugonjwa huu wa kuvimba tumbo unawasumbua sana mbuna, na mara nyingi unachochewa na msongo na chakula kizito. Ziwani wengi wao wanakwangua mwani kwenye mawe. Sisi kwa mapenzi tulikuwa tunawapa nyama ya ng'ombe! Siku hizi wanakula chakula chenye mwani, na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto.

Wakabaki tisa.

Ukiona hivi, fikiria hivi

Kanuni ya kwanza ya mzee: wakiumwa wote kwa pamoja ndani ya saa chache, shuku maji. Akianza mmoja, kisha mwingine, shuku ugonjwa. Na hata hapo, pima maji kwanza.

• Wote wanahema juu ya maji: oksijeni kidogo, amonia, nitriti au klorini.
• Matamvua mekundu yaliyovimba: amonia au klorini imeyaunguza. Yakiwa ya kahawia, shuku nitriti.
• Kujikuna kwenye mawe: maji yanawasha, au vimelea vimeingia.
• Punje nyeupe mwilini: vimelea vya vidoa vyeupe. Joto, hewa, chumvi, na subira.
• Mapezi yaliyochanika: ama anaonewa na wenzake, ama yanaoza kwa uchafu wa maji.
• Hali, kinyesi kama uzi mweupe, tumbo kubwa: ugonjwa wa kuvimba. Wahi kabla tumbo halijajaa.
• Magamba yamesimama kama koni ya mapaini ya Sao Hill: mwili umejaa maji, hali ni mbaya. Mtenge na umwone mtaalamu.

Na unapoona dalili yoyote, fanya haya kabla ya kufungua kopo la dawa: pima joto na amonia, badilisha robo hadi theluthi ya maji, ongeza hewa, simamisha chakula, na jiulize nini kimebadilika wiki hii. Samaki mpya? Sabuni mikononi? Dawa ya mbu imepulizwa sebuleni? Umeme ulikatika? Mara nyingi jibu liko hapo.

Ukikwama, usione aibu kumwuliza afisa uvuvi wa halmashauri yako. Kyela kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na Morogoro kuna madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Antibaiotiki waachie wao. Ukizitumia ovyo unaua filta, na unawafundisha wadudu kuzizoea.

Vipi kuhusu taa?

Rafiki yetu mmoja alipoona tangi limetengemaa, akaleta wazo: "Sasa nunueni taa!" Alikuwa ameona video za taa wa maji baridi, wale wa mviringo kama sahani wanaotoka kwenye mito ya Marekani ya Kusini. Ni wazuri kweli. Lakini taa hana magamba ya kumkinga kama samaki wengine, amonia kidogo tu inamdhuru, na dawa zenye shaba zinazotumika kwa samaki wengine zinaweza kumwua. Anakula sana, anachafua sana, anafikia upana wa nusu mita na zaidi, na mkiani ana mwiba wa sumu. Wafugaji wake wanaogopa dalili moja kuliko zote: kingo za mwili zikianza kujikunja kwenda juu. Ukifika hapo, mara nyingi umechelewa. Na wao ukiwauliza hatua ya kwanza, watakwambia lile lile la mzee wa Uyole: pima maji.

Kwa wenzangu wa Mbeya na Iringa, wenye baridi na umeme wa mashaka, ushauri wangu ni kuanza na samaki wa ziwa letu.

Daftari la pembeni ya tangi

Leo pembeni ya tangi kuna daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Tarehe, joto, amonia, tumebadilisha maji kiasi gani, nani kafanya. Samaki mpya akija anakaa wiki tatu kwenye ndoo yake kwanza. Sponji linasuuzwa ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si bombani. Umeme ukikatika, tunafunika tangi kwa blanketi na kuwasha pampu ndogo ya betri. Na mume wangu akija wikiendi, Jumapili asubuhi tunabeba ndoo wote wawili.

Hiyo ni kwa upande wa samaki. Kwa upande wetu, tumekubaliana jambo moja dogo. Kitu kikiharibika nyumbani, hakuna kuagiza tiba kwa simu kabla ya kuuliza maswali. Wiki gani imekuwaje, nani amechoka, nini kimebadilika. Ile Ijumaa aliyopita kwenye tangi bila kunisalimia tuliizungumza pia, ingawa ilichukua muda kuliko amonia.

Siku hizi simu ikilia jioni na nikasikia "Kamwene," naitikia. Kisha anauliza, "Maji yakoje huko?" Nami namweleza, kwanza ya tangi, halafu ya kwangu.